MAZOEZI, PUMZIKO NA MAZOEA: ELIMU YA MWENDO MREFU NA MANENO YAKE

Barabara itokayo Isaka kuelekea Kahama huwa na watu kabla ya jua kuchomoza. Wengine huenda kwa miguu, lakini wengi wamepanda baiskeli nzito za chuma zisizo na gia, nyuma yao kukiwa na abiria, au gunia la mkaa, au mpunga upelekwao mashineni kukobolewa. Nchi hii ni tambarare, imeinuka kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na tangu mwezi wa Juni mpaka Oktoba ni kavu na jua lake ni kali. Kwa watu wa namna hiyo ndiko watokako wengi washindanao katika mbio za baiskeli za mwendo mrefu, ambazo zimependwa kwa miaka mingi katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Mtu awatazamaye aweza kusema kwamba hawa hawahitaji mwalimu, kwa kuwa kazi yao ya kila siku ni mazoezi tosha. Usemi huo una nusu ya ukweli, na ile nusu iliyokosekana ndiyo iletayo hasara.

Nusu hiyo yaonekana katika lugha yenyewe. Kiswahili kina majina mawili yatokanayo na kitenzi kimoja, zoea. La kwanza ni mazoea. La pili ni mazoezi, ambalo halikutoka katika zoea moja kwa moja bali limepitia zoeza, yaani kumfanya mtu au mnyama azoee. Basi mazoezi ni kisababishi, na mazoea ni tokeo. Watu huyatumia majina haya kana kwamba moja ni la uwanjani na jingine ni la tabia (kwani husemwa kwamba mazoea yana taabu), na ni wachache wakumbukao kuwa ni ndugu. Neno riadha, lililoletwa kutoka Kiarabu, lina asili isiyo mbali na hiyo, kwa maana mzizi wake katika lugha ile hutumika kwa kumfunza mwana wa farasi mpaka akubali kupandwa. Farasi hafunzwi kwa siku moja, wala hafunzwi kwa kupigwa mfululizo usiku na mchana.

Elimu ya kisasa ya mwili imesimama juu ya tofauti hiyo ya kisababishi na tokeo. Mtu aliyekimbia kilomita 30 asubuhi, jioni yake hana nguvu kuliko alizokuwa nazo jana. Amepungukiwa. Akiba ya misuli imetumika, nyuzi nyingine za misuli zimechanika kwa namna isiyoonekana kwa macho, na maji ya mwili yamekwenda na jasho. Nguvu mpya huja baadaye, mwili unapojitengeneza kwa sababu ya yale uliyotendwa. Kati ya mazoezi na mazoea, basi, pana kipindi, na kipindi hicho ni cha kupumzika. Asiyekiacha kipite hupata mazoezi mengi na mazoea machache.

Neno pumzika nalo lina nasaba yake. Limezaliwa na pumzi, na pumzi ni jamaa ya pumua. Apumzikaye, kwa maana ya asili, ni mtu arudishaye pumzi zake. Wala si Kiswahili peke yake kilichoona hivyo. Wazulu husema phumula kwa kupumzika na phefumula kwa kupumua. Waarabu, ambao lugha yao si ya Kibantu, wana mzizi mmoja uliozaa neno la roho, neno la upepo na neno la raha. Na Kiswahili kikaazima roho na raha bila kuuliza kama ni ndugu. Tena wachezaji wa mpira, wakimwona mwenzao amelegea kabla ya kipindi cha pili kwisha, husema kwamba hana pumzi, yaani hana ustahimilivu. Katika mazungumzo ya kawaida, basi, pumzi ni ile nguvu yenyewe ya mwendo mrefu, na kupumzika ni kuirudia. Adhaniye kwamba pumziko ni adui wa mazoezi anashindana na lugha yake mwenyewe.

Katika maabara mambo hayo yalianza kuelezwa kwa mfano wa deni. Mwingereza A. V. Hill, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 pamoja na Mjerumani Otto Meyerhof, alionyesha kwamba mtu akimbiapo kwa kasi hutumia nguvu upesi kuliko oksijeni iwezavyo kufika, na asimamapo huendelea kuhema kwa muda kana kwamba analipa alichokopa. Wataalamu wa baadaye wameona kwamba hesabu ya deni hilo si nyepesi kama ilivyodhaniwa kwanza, kwani si oksijeni yote ivutwayo baada ya mbio iendayo kulipa kitu kimoja. Hata hivyo mfano umebaki, na ni mzuri kwa kufundishia. Deni la pumzi hulipwa kwa dakika au saa chache. Yako madeni mengine ambayo malipo yake huchukua siku kadha, nayo hayaonekani kwa kuhema.

Kubwa kati ya hayo ni la akiba ya wanga. Mwili huweka wanga ndani ya ini na misuli kwa umbo la glaikojeni, na jumla yake kwa mtu mzima ni kiasi cha nusu kilo hivi. Akiba hiyo haitoshi kumfikisha mkimbiaji wa kasi mwisho wa kilomita 42, na ndiyo sababu wengi huanza kuvunjika baada ya kilomita 30. Mwaka 1966 Jonas Bergström na Eric Hultman wa Sweden walichapisha jaribio walilolifanya juu ya miili yao wenyewe, tena kwa baiskeli, jambo litakalowapendeza watu wa Kahama. Walikaa pande mbili za baiskeli moja isiyokwenda, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu, mguu wa pili ukipumzika, mpaka ule uliofanya kazi ukashindwa. Kisha vipande vidogo vya misuli vilichukuliwa kwa sindano kutoka miguu yote miwili na kupimwa. Mguu uliofanya kazi ulikuwa karibu hauna glaikojeni. Uliopumzika ulikuwa nayo kama kawaida.

Mpaka hapo hapana ajabu. Ajabu ilikuwa baada ya siku 3 za kupumzika na kula vyakula vingi vya wanga. Mguu ule uliokuwa mtupu haukurudi tu mahali pake pa kwanza, bali ulipita, hata akiba yake ikawa takriban mara mbili ya ile ya mguu usiofanya kazi. Damu ilikuwa moja, chakula kilikuwa kimoja, mtu alikuwa yule yule. Kilichotofautiana ni kwamba mguu mmoja ulikuwa umefilisiwa, ukajifunza kuweka akiba kubwa zaidi, na ukapewa muda na chakula cha kufanya hivyo. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huo wa jinsi mazoezi yageukavyo kuwa mazoea. Ni wazi pia kwamba kama waungwana wale wangaliendelea kukanyaga kila siku bila kula vya kutosha, mguu ungalibaki mtupu, na jaribio lisingalisimulia kitu. Waswahili husema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

Mabadiliko mengine huja polepole zaidi. Mwaka 1967 John Holloszy, huko Marekani, aliwakimbiza panya juu ya mkanda uendao kwa mashine kwa wiki nyingi, akaona kwamba viini vya mitokondria vitumiavyo oksijeni ndani ya misuli yao vimeongezeka kama maradufu. Mitokondria ni kama mafiga ya chembe ya mwili. Zikiwa nyingi, mtu hukimbia kasi ile ile kwa kuchoma wanga mchache na mafuta mengi zaidi, na akiba yake hudumu. Maji ya damu huongezeka katika siku za mwanzo za mazoezi, chembe nyekundu hufuata kwa wiki nyingi, na moyo hupata kutupa damu nyingi kwa kila pigo. Wakaao juu sana, kama huko Iten katika Kenya penye mita 2,400 hivi, hupata msaada wa hewa nyepesi iuchocheayo mwili kuzidisha chembe nyekundu. Kahama haina msaada huo wa kutosha, wala haifai kuulilia, kwa kuwa hayo mengine yote yapatikana popote.

Lakini yafaa asitokee mtu wa kuyachukua maneno haya kuwa ruhusa ya kulala. Mwaka 1966 huko Dallas, vijana 5 walilazwa kitandani kwa wiki 3 bila ugonjwa wowote, ili mwili wao upimwe kabla na baada. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipungua kwa zaidi ya robo. Pumziko lisilofuata mazoezi halijengi kitu, hubomoa. Tena mwili uliokwisha kuzoea jambo moja hauoni tena sababu ya kubadilika, na hapo ndipo ile methali ya taabu ya mazoea ipatapo maana isiyokusudiwa: apandaye baiskeli mwendo ule ule, njia ile ile, mwaka mzima, atakuwa mzoefu wa mwendo ule tu.

Nchi ya Kahama ilijua habari ya mzigo na kuutua kabla ya maabara yoyote. Katika karne ya 19 njia za misafara zilipita katika nchi za Wanyamwezi na Wasumbwa, na katika mwaka 1858 Mwingereza Speke alipitia huko, kwenye nchi za Msalala, akienda Ziwa. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua mizigo mizito kwa miezi, kwenda pwani na kurudi. Mwenziwe, Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, ameandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walianza kuzoezwa kazi hiyo tangu udogoni, wakitwikwa pembe ndogo begani. Hiyo ni kanuni ya kwanza ya mwalimu yeyote wa mbio: mzigo uongezwe kidogo kidogo.

Siku ya msafara nayo ilikuwa na utaratibu. Watu waliondoka alfajiri, wakaifikia kambi kabla ya jua kali, wakatua. Ilipobidi kuvuka nchi isiyo na maji ndipo walipofanya ile waliyoiita terekeza: walipika na kula mchana, kisha wakatoka tena alasiri, wakaenda mpaka usiku, wakalala bila maji, na asubuhi wakamalizia. Neno hilo yaelekea limetoka katika teleka, kuweka chungu motoni. Siku hizi telekeza husikika zaidi kwa maana ya kumwacha mtu au kazi bila kujali. Burton aihesabu terekeza kuwa miongoni mwa mateso makubwa ya safari. Jambo la kutazama ni kwamba ilikuwa na jina lake, yaani ilitengwa na mwendo wa kawaida. Wapagazi walijua kwamba mwendo wa namna hiyo upo, kwamba wakati mwingine hauepukiki, na kwamba msafara uufanyao kila siku haufiki. Hata msamiati wao wa mzigo umebaki na mafunzo: kutoka tua kumepatikana kituo, na kutoka tua hiyo hiyo tulia na utulivu.

Sasa wachunguzi wa wakimbiaji na waendesha baiskeli hodari wa nchi mbalimbali wamekuta jambo lifananalo na hilo. Stephen Seiler, Mmarekani afanyaye kazi Norway, alionyesha kwamba mabingwa wa michezo ya mwendo mrefu hufanya kama asilimia 80 ya mazoezi yao kwa mwendo mwepesi, ambao mtu aweza kuzungumza akiwa nao, na sehemu ndogo iliyobaki kwa mwendo mkali sana. Wanafunzi hufanya kinyume. Siku nyepesi huifanya nzito kwa sababu ya haya, wasije wakaonekana wavivu. Na siku nzito ifikapo hawana tena nguvu za kuifanya iwe nzito kweli. Kila siku yao huwa ya katikati, nusu terekeza.

Mchukue kijana wa Kahama, ambaye hapa ni mfano tu. Kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi hubeba magunia kwa baiskeli. Amejiandikisha katika mashindano ya kilomita 150, na zimebaki wiki 6. Kila jioni, baada ya kazi, aenda mbio kilomita 40 kwa nguvu zake zote, kwani ameambiwa na rafiki zake kwamba bingwa hapumziki. Wiki ya kwanza aona faida. Wiki ya tatu miguu ni mizito asubuhi, usingizi haushikiki, chakula hakina ladha, na hasira ni karibu. Afikiri kwamba amelegea, basi azidisha. Siku ya mashindano aachwa na watu aliokuwa akiwashinda mwezi uliopita, na nyumbani watasema amerogwa.

Kumwambia kijana huyo apumzike ni rahisi kwa mwenye mshahara. Kwake yeye pumziko lina bei: siku asiyobeba gunia ni siku asiyopata fedha, na vivyo hivyo kwa mchimbaji mdogo wa dhahabu katika machimbo ya Kahama na Geita. Vitabu vingi vya mazoezi vimeandikwa kwa watu ambao kazi yao haiwachoshi miguu, na hapo ndipo vikosapo kumfaa. Shauri lenye haki kwake ni kuihesabu kazi kuwa mazoezi. Siku ya magunia ni siku yake ndefu ya mwendo wa polepole. Ile asilimia 80 amekwisha kuimaliza, tena kwa kulipwa. Kilichobaki ni siku 2 kwa wiki, zisizofuatana, za kwenda kasi kwa vipindi vifupi, dakika 4 au 5 kila kimoja, bila mzigo. Jioni nyingine zote ni za kula na kulala. Wiki 2 za mwisho apunguze umbali wa mazoezi kwa kama nusu, lakini asiipunguze kasi, na kama aweza aache magunia mazito siku 3 za mwisho. Hasara ya siku hizo 3 ndiyo ada ya kweli ya mashindano, nayo afadhali iwekewe akiba mapema kama nauli.

Ama chakula, nchi yenyewe ni tajiri. Wali wa Kahama, ugali, viazi vitamu, na michembe na matobolwa ya Wasukuma ni wanga mtupu, hasa kile ambacho mguu wa Bergström ulihitaji. Michembe ina faida ya ziada ya kuchukulika mfukoni. Akiba iliyokwisha hujazwa kwa kadiri ya siku nzima, iwapo mtu anakula vya kutosha, na saa za kwanza baada ya mbio ndizo misuli inapoipokea upesi zaidi; maziwa, maharage au dagaa huleta vya kutengenezea nyuzi zilizochanika. Usingizi hauna badala. Ashikaye njia saa kumi alfajiri hana budi kulala mapema. Kujitumbukiza katika maji baridi hupunguza maumivu ya misuli, na wengi hukutukuza kupita kiasi. Hakujazi wanga wala hakulipi usingizi.

Lipo pia deni ambalo si la mazoezi, na katika Kanda ya Ziwa ni la kutazamwa sana. Malaria huharibu chembe nyekundu za damu, na kichocho, chenye wingi katika nchi zenye maziwa na mabwawa, humpotezea mtu damu kimya kimya. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, alisumbuliwa na malaria muda si mrefu kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976, ambayo Tanzania iliisusia. Kijana achokaye bila sababu apimwe damu kwanza, ndipo mazoezi yake yalaumiwe. Kwa msichana asiyekula kwa kadiri ya kazi afanyayo, kukatika kwa hedhi ni dalili ya upungufu mkubwa udhurulio hata mifupa. Si alama ya ubingwa, kama wasemavyo baadhi ya waalimu. Alama nyingine ambayo kila mtu aweza kuitazama bure ni mapigo ya moyo aamkapo. Yakizidi ya kawaida siku kadha mfululizo, mwili una deni, ingawa alama hiyo peke yake si hukumu.

Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alishinda mbio ndefu za ubingwa wa dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros alipewa wakati ule ule. Kilichowatenganisha ni sehemu 3 za mia za sekunde moja. Baada ya kilomita 42 kwenye joto, ushindi wa namna hiyo ni wa yule ambaye miguu yake bado ina kitu cha kutoa.

Limebaki swali la neno. Waalimu wasomao vitabu vya Kiingereza wamekuwa wakikiita kipindi hicho cha kurudi kwa nguvu kupona. Tafsiri hiyo ni mbaya. Kijana aambiwaye kwamba leo ni siku ya kupona ana haki ya kujibu kwamba haumwi, na kwenda zake kukimbia. Nafuu na ahueni zina ila ile ile ya hospitali. Kujirudi kumekwisha kuchukuliwa na watubuo makosa, na ukarabati umechukuliwa na majengo na barabara. Pumziko latosha kwa kuutaja muda wenyewe, lakini halitaji kazi ifanywayo na mwili ndani ya muda huo. Kwa kazi hiyo, mrejeo wa nguvu lingefaa. Ni refu, na huenda waandishi wa magazeti wasilipende. Lakini alisikiaye mara ya kwanza hulielewa, wala hahitaji kuuliza ugonjwa wake ni upi.